Gereji Inayovuja Gesima: Pesa Ianzie Nje ya Ukuta

Gesima ni nchi ya miteremko. Anayetaka gereji kando ya nyumba yake hulazimika kuuchimba mlima, asawazishe mahali pa gari, kisha ainue ukuta wa nyuma ambao umeegemewa na udongo tangu siku ya kwanza. Ukuta huo ndio chanzo cha shida nyingi tunazoziona katika kaunti ndogo yetu ya Masaba Kaskazini: madoa ya unyevu, chumvi nyeupe kwenye matofali, lipu inayobambuka, na mwishowe nyufa. Kaunti ya Nyamira hupata mvua ya kati ya milimita 1,200 na 2,100 kwa mwaka. Masika yakiisha, vuli haiko mbali, na kati yake mvua ya alasiri haikauki kabisa. Ukuta uliolowa Aprili mara nyingi huwa haujakauka vizuri Septemba inapofika.

Na gereji ya huku si ya gari peke yake. Humo mna Probox au pikipiki, lakini pia mna magunia ya mahindi, mashine ya kukatia napia, jembe, na mbolea ya chai. Mahindi yanatakiwa yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia lililoegemezwa ukuta unaotoa jasho hupita kiwango hicho upesi, kuvu huingia, na kuvu wengine huacha sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa ukiuzwa shilingi 2,500. Mifuko minne ikiganda kama jiwe, umepoteza 10,000, na pesa hizo, kama nitakavyoonyesha, zingenunua gata ya paa zima na chenji ibaki.

Mtu akiona doa ndani, humwita fundi apige lipu ndani. Inaeleweka, kwa sababu jicho linaona doa, halioni maji yaliyo nyuma ya ukuta. Lakini nimeilinganisha gharama ya njia zote zinazotumika huku, na jibu langu ni moja: shilingi ya kwanza itumike nje na juu ya ukuta, na lipu ya ndani iwe ya mwisho kabisa.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue gereji moja ya mfano. Ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Ukuta wake wa nyuma, wa mita 6, umezikwa na udongo hadi mita 2 kwenda juu. Paa ni la mabati, mita za mraba 30 pamoja na vipenu. Saruji nimeihesabu kwa shilingi 800 mfuko, fundi 1,500 kwa siku, kibarua 700. Ukipewa bei tofauti mjini Keroka, weka yako mahali pa yangu. Jumla itapanda au kushuka, lakini njia iliyo ghali zaidi itabaki kuwa ghali, na iliyo nafuu itabaki nafuu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta maji yanatoka wapi. Kazi hii haina gharama, na wengi huiruka. Subiri mvua kubwa, kisha angalia saa. Maji yakionekana ndani ya nusu saa, ni ya juu: paa, gata iliyoziba, au maji ya mtelemko yanayoshuka na kugonga ukuta. Yakija baada ya siku moja au mbili na kuendelea hata mvua ikiwa imekatika, ni maji ya ardhini, na vilima vyetu vimejaa chemchemi ambazo hazionekani hadi mtu achimbe. Yakiwapo hata wakati wa jua kali, chunguza bomba na tangi: funga koki zote jioni, weka alama kwenye kiwango cha maji ya tangi, urudi asubuhi. Kwa sakafu, chukua kipande cha nailoni cha mita moja kwa moja, kibandike kingo zote kwa utepe mpana wa gundi, ukiache siku mbili. Ukikuta matone chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone juu yake, ni jasho la hewa, na dawa yake ni madirisha ya kupitisha hewa, si saruji.

Sasa twende kwenye bei, na tuanze na ile inayopendwa zaidi.

Lipu ya ndani yenye dawa ya kuzuia maji, pamoja na rangi, kwa ukuta wetu wa mita 6 kwa 2.5, inahitaji mifuko 3 ya saruji, mchanga wa kama 1,500, dawa ya 700, rangi ya 3,000, na siku mbili za fundi na kibarua wake. Jumla ni shilingi 12,000. Kwa macho ni kazi safi. Ubaya wake ni mahali ilipowekwa. Maji yaliyotuama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 2 husukuma kwa nguvu ya karibu tani 2 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Kwa ukuta wetu mzima ni tani 12, sawa na kuegemeza Probox kumi hivi, na hapo udongo wenyewe haujahesabiwa. Lipu iliyobandikwa upande wa ndani inasukumwa kutoka mgongoni, kuelekea chumbani. Haina kitu cha kuishikilia ila mshiko wake kwenye tofali, na tofali letu la kuchoma hunywa maji sana. Chumvi inayosafiri na maji hukauka chini ya lipu, hufanya fuwele, na kuibandua kidogo kidogo. Baada ya msimu mmoja au miwili unalipa 12,000 nyingine. Ukirudia mara nne umefika 48,000, na ukuta bado umelowa. Ishike tarakimu hiyo, tutarudi kwake.

Gata na mtaro wa juu ndivyo vinavyotoa faida kubwa kwa pesa kidogo, na ninashangaa jinsi vinavyopuuzwa. Mvua moja ya milimita 40, ambayo hapa si ya ajabu, hudondosha lita 1,200 kutoka kwenye paa la mita za mraba 30. Bila gata, sehemu kubwa ya maji hayo huanguka kwenye udongo ulio mgongoni mwa ukuta, mahali hasa usipoyataka. Gata ya mita 7 kwa 500 mita ni 3,500, bomba la kushushia 1,500, vishikizo na ufundi 2,000: jumla 7,000. Na maji yenyewe ni mali. Kwa mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, paa hilo linatoa lita 45,000, yaani mitungi 2,250 ya lita 20 ambayo mtoto hataibeba kutoka chemchemi. Si yote utaweza kuyahifadhi, lakini hata tangi dogo litakufaa.

Mtaro wa kukinga uchimbwe juu ya gereji, mita 2 au 3 kutoka ukutani, urefu wa mita 10 ili upite kila upande, upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 50. Ni mita 3 za ujazo, kazi ya kibarua wa siku mbili: 1,400. Ukiujengea kwa mawe na saruji mifuko 2, pamoja na fundi na kibarua wa siku mbili, ongeza kama 9,000. Mahali penye mtelemko mkali, mimi ningejengea, maana udongo mwekundu ukipata mkondo unaoenda kasi, mtaro wa leo ni korongo la mwakani. Penye mtelemko wa wastani, panda nyasi kingoni na utunze zile 9,000.

Kwa hiyo gata na mtaro wa udongo ni 8,400, chini ya bei ya lipu. Ikiwa maji yako ni ya juu, na uchunguzi wa saa ulikuonyesha hivyo, unaweza kuwa umemaliza kazi. Ipe gereji msimu mzima wa mvua kabla ya kutumia zaidi.

Kuna jambo la ujirani hapa. Mashamba yetu ni membamba, yameshuka kutoka barabarani hadi mtoni kama vipande vya kitambaa, na maji unayoyageuza lazima yaende mahali. Ukiyaelekeza kwa jirani wa chini, umehamisha uharibifu tu, na kesi itafika kwa chifu. Yapeleke kwenye migomba yako, au kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi wa nyumba yoyote. Na kama mtaro utapita kwenye mpaka, mketi na mwenye shamba la juu mkubaliane kabla jembe halijagusa ardhi.

Maji ya ardhini ndiyo yanayodai pesa kubwa. Hapa dawa ya kweli ni kuufunua ukuta kutoka nje: kuchimba nyuma yake, kupiga lipu ya kuzuia maji upande wa nje, kupaka lami ya maji mara mbili, kulaza bomba lenye matundu chini likiwa na mteremko wa kutoka nje, kujaza kokoto, kufunika kokoto kwa kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe, kisha kurudisha udongo juu. Kwa ukuta wetu kuchimba ni kama 4,200, mbao za kuegemeza udongo 3,000, lipu ya nje pamoja na fundi na kibarua wa siku tatu 10,500, lami 5,000, bomba 3,000, kitambaa 3,000, kurudisha udongo 2,100. Kokoto peke yake, tani 7 kwa 2,500, ni 17,500. Jumla ni 48,300. Ni ile ile bei ya kurudia lipu ya ndani mara nne, ila safari hii maji yanaondoka, na ule mzigo wa tani 12 unaondoka nayo. Lipu na lami zikiwa nje, maji huzisukuma zishikane zaidi na ukuta badala ya kuzibandua.

Fundi akikuambia apunguze kokoto ili kuokoa pesa, kataa. Lipu na lami huzuia maji yasipite, lakini kinachoondoa uzito mgongoni mwa ukuta ni kokoto na bomba. Afadhali upunguze rangi.

Usalama wa mtaro huu wa nyuma ya ukuta nausema kwa uzito wote. Shimo la mita 2 katika udongo uliolowa linaweza kumfukia mtu bila onyo. Chimbeni kwa vipande vya mita 2, mmalize kimoja na kukijaza kabla ya kufungua kingine. Kuanzia kina cha mita 1.2 wekeni mbao za kuegemeza. Udongo uliotolewa ukae mbali na ukingo. Na msichimbe kamwe chini ya kina cha msingi, kwa sababu mtaziba maji na kuangusha ukuta.

Kuna boma ambako haiwezekani kuchimba nje, labda kwa sababu mpaka wa jirani umegusa ukuta, au nyumba nyingine imesimama juu yake. Hapo pana njia ya kati ambayo mafundi wachache huitaja. Toboa matundu machache chini ya ukuta, uyatie vipande vya bomba, na ukate mfereji mdogo kwenye sakafu kando ya ukuta hadi nje ya mlango. Fundi na kibarua wa siku nne, saruji mifuko 3, mchanga, kokoto na mabomba hufika kama 15,000. Maji yanaingia, lakini kwa njia uliyoichagua, na hayatuami nyuma ya ukuta tena. Ukuta utabaki na unyevu, kwa hiyo magunia yawekwe juu ya mbao na mbali nao. Hata hivyo kwa gereji ya gari na pikipiki, njia hii ni bora mara nyingi kuliko lipu ya 12,000.

Sasa nyufa, na hapa mtu asibahatishe. Ufa mwembamba kama unywele, uliotawanyika kwenye lipu, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Ufa wa mshazari unaopanda ngazi kwa ngazi kutoka pembe ya mlango unaonyesha kwamba msingi umeshuka upande mmoja, pengine kwa sababu maji yameosha au kulainisha udongo ulio chini yake. Ufa wa kulala, unaokata ukuta wa nyuma karibu katikati ya kimo chake, ndio wa kutisha kuliko wote, maana ukuta unapinda kwa mzigo wa udongo na maji. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe, kisha upime upana kila mwezi. Taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza huainisha nyufa kwa upana: hadi milimita 5 kwa kawaida ni kazi ya kuziba na kupaka, kati ya 5 na 15 huhitaji ukarabati wa kufumua na kujenga upya sehemu, na zaidi ya hapo ukuta wenyewe uko mashakani. Hiyo ni kwa ukuta wa kawaida. Kwa ukuta uliozikwa nusu kama wetu, ufa wa kulala hata ukiwa mwembamba unatosha kumwita mhandisi. Teremsha timazi pia kutoka juu ya ukuta. Tumbo likiwa limetoka sentimita 2 au zaidi, liondoe gari, na watoto wasicheze humo.

Mahali pengine pa kuangalia ni linta ya mlango wa gari. Mlango wa nyumba una upana wa chini ya mita moja, huu unafika mita 2.5 au 3, na juu yake kuna matofali na paa. Maji yakipenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwa. Zege hupasuka kutoka ndani na kudondoka vipande. Dalili ni mstari wa rangi ya kutu unaofuata nondo. Wapo wanaoufunika kwa lipu kabla ya wageni wa Desemba, na lipu hiyo inafungia unyevu ndani. Linta iliyofika hapo iwekewe nguzo chini yake siku hiyo hiyo, halafu atafutwe mtu wa kuipima.

Mtu huyo awe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Hata akidai 15,000 kwa kuja na kuandika ripoti fupi, linganisha na kilicho mbele yako. Kubomoa ukuta wa nyuma, kulishikilia paa, na kujenga ukuta mpya wa zege lenye nondo wa kuzuia udongo kunahitaji kama mita 5 za ujazo za zege, zaidi ya mifuko 30 ya saruji, mbali na nondo, mbao na kokoto. Hesabu hiyo hupita 150,000 kwa urahisi. Ripoti ya 15,000 inaweza kukuambia kwamba mtaro wa 48,000 unatosha, au kwamba 48,000 zingezikwa bure kwa ukuta usiofaa kuokolewa. Ukuta mpya wa zege pia unahitaji idhini ya kaunti. Kenya sasa ina Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968, na mjenzi anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Sakafu na paa nitavipitia haraka. Sakafu inayotoa maji usiivunje kwanza. Ukishajenga mtaro wa nyuma, maji ya chini mara nyingi hushuka na sakafu hukauka yenyewe. Isipokauka, mita za mraba 24 kwa unene wa sentimita 10 ni mifuko 15 au 16 ya saruji, na safari hii nailoni nzito ilazwe chini kabla ya zege. Kwa paa, kagua misumari kabla ya kulaumu mabati. Msumari hupigwa juu ya tuta la bati, kamwe si bondeni, na uwe na mpira chini ya kichwa chake. Ukibadilisha bati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, na katika mvua za huku tofauti ya bei inarudi.

Mkubaliane na fundi kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: kina cha mtaro, idadi ya tani za kokoto, mara ngapi lami itapakwa. Mlipe kwa hatua, na sehemu ya mwisho, angalau asilimia 10, ibaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Piga picha ukuta ukiwa umepakwa lami na bomba likiwa limelazwa, kabla udongo haujarudi, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayejua kilichofanyika.

Kuhusu wakati, wengi wetu tunategemea bonasi ya chai, na bonasi hulipwa Oktoba, vuli ikiwa imepamba moto. Ukiwa na pesa mkononi kishawishi ni kuanza kuchimba kesho yake. Usichimbe. Weka gata na ule mtaro mdogo wa juu mara moja, maana hizo ni kazi za mvua zenyewe, kisha nunua kokoto, bomba na lami uviweke, ili pesa isipotelee sikukuu. Mtaro mkubwa uchimbwe Januari au Februari, udongo ukiwa umeshika. Ukifika Machi hujaanza, uahirishe hadi Julai, masika yakiwa yamepungua, na mahindi yahamie sebuleni kwa miezi hiyo.